Aliyeitika Jina la Nakiete

Paukwa!

— Pakawa!

Moto?

— Unawaka!

Masikio?

— Yamesimama!

Basi palikuwa na kijiji mlimani, zamani hizo ukungu ulipokuwa bado haujajifunza kuogopa jua. Ulishuka alfajiri ukakaa, na mtu akinyoosha mkono haoni vidole vyake. Shule ilikuwa ng'ambo ya msitu. Na msituni humo, enyi mnaotafuna mahindi huko nyuma, mlikaa Zimwi.

Ndiyo maana watoto wa kijiji hicho hawakwenda shule mmoja mmoja. Walikwenda kwa msafara. Mbele alitangulia Shangazi Mbonea na fimbo yake, mwanamke mwenye sauti, hata mbuzi wa watu walimwitikia. Alipita nyumba hadi nyumba akikusanya watoto, nao wakamfuata, huyu nyuma ya huyu.

Sasa, watu wale walikuwa na mwiko wao: mtoto hahesabiwi. Ukimnyooshea kidole ukasema huyu wa kwanza, huyu wa pili, umempunguza. Kwa hiyo Shangazi Mbonea hakuhesabu. Kila asubuhi wakifika njia panda ya msituni alisimama, akaita majina, na kila mtoto akaitika, "Nipo!" Akishasikia sauti zote, fimbo chini, safari mbele.

Nyumba ya mwisho kabla ya msitu ilikuwa ya bibi yake Nakiete. Mtoto huyo aliletwa hapo mama yake alipofariki. Alikuwa mgeni, wa maneno machache, na kwa kuwa nyumba yao ilikuwa ya mwisho, yeye ndiye aliyeshika mkia. Mbele yake alikuwa Mkunde, binti wa mfinyanzi. Nyuma yake ulikuwa ukungu. Wenzake waliimba, yeye hakujua nyimbo zao. Walitaniana, yeye hakuwa na wa kumtania. Angeweza kumaliza siku nzima asisikie jina lake, isipokuwa pale njia panda, na pale alipasubiri tangu anapoamka.

Kazi moja alijipa mwenyewe. Njia ile ilijaa kishonanguo, magugu yale yenye vimbegu vyeusi vya kung'ang'ania nguo. Viling'ang'ania nyuma ya shuka alilojitanda Mkunde, naye Nakiete akawa anavitoa kimoja kimoja, polepole, huku wakitembea. Mkunde hakugeuka hata siku moja. Nakiete alidhani hajui.

Asubuhi moja ukungu ukawa mzito. Njia panda, Shangazi akaita, "Mkunde!"

"Nipo!"

"Nakiete!"

Nakiete akafungua kinywa. Kabla hajatoa neno, msitu ukaitika kwa sauti yake yeye, yake hasa: "Nipo!" Fimbo chini, safari mbele.

Asubuhi ya pili Nakiete akajikaza. Akaitwa, akaitika, lakini sauti ilimtoka nyembamba kama ya kifaranga, na ile ya msituni ikaifunika: "Nipo!" Fimbo chini, safari mbele.

Asubuhi ya tatu akanyamaza makusudi, aone kama yupo atakayegutuka. "Nakiete!" "Nipo!" Hakugutuka mtu. Kumbe niwepo, nisiwepo, ni mamoja, akasema moyoni. Akasimama palepale. Msafara ukaenda, nyimbo zikaenda, zikafifia, zikaisha.

"Umefanya vyema," ukasema ukungu. "Mimi Zimwi ndiye niliyekuitikia."

"Kwa nini?" akanong'ona Nakiete kwa kisauti kilichobaki.

"Sauti yangu niliisahau. Sina wa kusema naye tangu milima hii ikiwa vichuguu. Yako ilikaa bure, nikaichukua. Kaa nami. Jua likitoka utakuwa ukungu kama mimi, nasi tutakuwa wawili. Wale walitaka sauti tu, na sauti wanayo. Nani atakayekutafuta?"

Nakiete alitaka kusema, "Bibi yangu." Akafungua kinywa, kitupu. Akataka kukimbia, akatazama chini, miguu haionekani. Ukungu ulikuwa umefika magotini na ulikuwa unapanda. Hajawahi mtoto kuwa peke yake kama alivyokuwa Nakiete asubuhi ile, wanangu. Hata kulia kwake hakukusikika.

Huku nyuma, yaani kule mbele, msafara ulifika kijitoni. Watoto wakakaa kunawa miguu. Mkunde alipokaa tu akaruka.

"Shangazi, Nakiete hayupo!"

"Ameitika, mwanangu. Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Ameitika, Shangazi. Lakini kila siku hufika hapa shuka langu likiwa safi. Leo limejaa kishonanguo."

Shangazi Mbonea akashika kifua. "Ole wangu, mtoto wa watu!" Akauvunja mwiko hapohapo. Akanyoosha kidole, akahesabu vichwa, na kweli, mmoja hayupo.

"Shikaneni mikono!" akasema. "Atakayemwachia mwenzake atanijua mimi nani." Wakarudi njia panda wote. Shangazi akaita, "Nakiete!" "Nipo!" kulia. "Nakiete!" "Nipo!" kushoto. "Nakiete!" "Nipo!" juu ya miti.

"Nyamazeni," akasema Shangazi. "Sauti imeibwa. Tumtafute kwa mikono."

Wakaingia msituni wameshikana, Mkunde mwisho, mkono wake mmoja ukipapasa. Akagusa kitu: mti. Akagusa kitu: jiwe. Akagusa kitu: mkono, baridi kama maji ya mtungi.

"Huo si wa Nakiete!" likalia Zimwi kwa sauti ya Nakiete. "Huo wa Zimwi! Mimi nipo huku!"

Mkunde akasita. Jua lilikuwa linaanza kuchungulia. Mara ule mkono wa baridi ukapanda taratibu, ukashika shuka lake kwa nyuma, ukachomoa kishonanguo. Kimoja. Polepole.

"Ndiye!" akapiga kelele Mkunde, akavuta, wakavuta wote, na Nakiete akatoka ukunguni analia, safari hii kwa sauti yake mwenyewe.

"Ulikuwa unajua?" Nakiete akamuuliza Mkunde alipopata pumzi.

"Nilijua. Niliogopa nikigeuka utaacha."

Tangu siku hiyo mwiko ule ukafa, wala hakuna aliyeulilia. Watoto wakaenda wameshikana mikono na kuhesabiwa kwa kidole, Shangazi Mbonea mbele, na mama yake Mkunde mkiani, ili asiwepo mtoto mwenye ukungu mgongoni. Zimwi likabaki msituni. Hata leo ukiita mlimani linaitika, likitumaini unaliita lenyewe. Nakiete kila alipolisikia aligeuza shingo kidogo, maana upweke ule aliujua. Lakini mkono hakuuachia.

Basi wanangu, njia ya shule haiendwi peke yako. Mtu mzima awe mbele, mtu mzima awe nyuma, na wewe uliye katikati ujue ni nani unayemshika mkono.

Ngano imefika shuleni, mimi nimerudi kwangu. Tamu chukueni, kishonanguo niachieni. Na wewe unayesinzia hapo ukutani, nimekuita mara ngapi? Nimesikia "Nipo," lakini hebu lete mkono kwanza.