Maziwa ya Midomo Saba

Hapo zamani, wala si zamani ya majini, ni zamani ambayo mimi nilikuwa na meno yote, mvua iliangusha ukuta wa nyumba ya Bi Mwanakheri. Bi huyu alikuwa mjane mwenye wana watatu, Shaweji, Vuai na Mtoro, na wote watatu walikuja mbio kumchukua mama yao.

"Mama anakuja kwangu," alisema Shaweji, mkubwa wao.

"Kwangu," alisema Vuai.

"Kwangu," alisema Mtoro.

Wakamvuta huku na huku kama wanaoanua shuka moja. Bi Mwanakheri akakaa juu ya furushi lake.

"Niachieni mikono yangu, bado naihitaji," akasema. Kibarazani walikaa wajukuu zake saba wakilia njaa, maana mama zao walikuwa wamekwenda harusini kijiji cha pili. "Wapikieni hawa tambi za maziwa. Atakayewashibisha, kwake ndiko nitakakohamia, mimi na sufuria yangu."

Basi. Ndevu tatu, na hakuna aliyewahi kuchemsha hata maji ya kunawa.

Shaweji akachukua kibuyu akaenda kukamua. Ng'ombe pekee mwenye maziwa msimu ule alikuwa wa jirani, na ng'ombe yule alikuwa na teke la kung'oa mlango. Kijiji kizima mimi tu ndiye niliyemweza, lakini siku hiyo sikuulizwa. Ng'ombe akampiga Shaweji goti la kulia. Shaweji akakamua. Akampiga la kushoto. Shaweji akakamua. Akarudi akichechemea miguu yote miwili, kama hilo linawezekana, na kibuyu hakikumwagika hata tone.

Vuai akashika jiko. Kuni zilikuwa mbichi, akapuliza moto mpaka macho yakawa kama pilipili. Akavunja tambi, akazikaanga kwa samli zikapata rangi ya asali, kama alivyokuwa akimwona mama yake utotoni. Akamimina maziwa, akatia sukari na iliki, akakoroga bila kuinua kichwa, maana maziwa ukiyapa kisogo yanakimbilia motoni. Harufu ilinifikia mimi ng'ambo ya mto, nikavuka bila kukunja suruali.

Na Mtoro? Mtoro alikaa na watoto tu, akiwafuta makamasi. Kisha akachungulia sufuria. Tambi nzito, nzuri, za bakuli tatu. Akatazama kibarazani. Midomo saba.

Vuai alipotoka kunawa macho, Mtoro akachota maji mtungini, kata moja, akamimina. Akachota ya pili, akamimina. Akakoroga mpaka yakachemka, akarudi kukaa kama mgeni.

Basi hazikuwa tena tambi, ilikuwa supu. Watoto wakainywa kwa vijiko, wakainywa kwa midomo, wakaramba bakuli. Yule mdogo kabisa alilala na kijiko mdomoni, na aliyekitoa asiamke ni mimi, kwa ufundi wangu.

Bi Mwanakheri akaramba mwiko. "Nani katia maji humu?"

"Mimi, mama," alisema Mtoro.

"Unaona?" Shaweji akasema. "Mimi nimevunjwa magoti kwa maziwa yale, huyu anayazamisha. Bila mimi mngewapikia nini, moshi?"

"Na bila mimi wangekunywa maziwa mabichi," alisema Vuai. "Nimepika kitu cha kuliwa na sultani, nikigeuka tu, kimekuwa mchuzi."

"Kaka zangu," Mtoro akasema, "sultani hakuwepo. Walikuwepo saba. Bila maji yangu wangeshiba watatu na wanne wangetazama."

Bi Mwanakheri akaweka mwiko chini. Kisha akasema, "Baba yenu alipokufa, nilikuwa na kikombe kimoja cha maziwa na nyinyi watatu. Kila asubuhi nilitia maji nikiwa nimewapa mgongo. Nanyi mlikuwa mkisema, mama, maziwa ya leo matamu."

Shaweji akakuna ndevu. Vuai akatazama chini.

"Kwa hiyo ni Mtoro?" akauliza Shaweji, kwa sauti ndogo.

"Sijasema hivyo, mwanangu. Mimi nilitia maji kwa sababu sikuwa na mtu wa kunikamulia, wala wa kunipulizia moto."

Akainuka, akajitwika sufuria, akaenda akasimama pale njia zinapogawanyika: moja kwa Shaweji, moja kwa Vuai, moja kwa Mtoro. Wanawe wakasimama kila mtu na njia yake, wakimtazama miguu.

Wakaniuliza mimi, mwenye akili zangu zote. Nikawaambia nina safari.

Sasa nawauliza nyinyi, mliokwisha kula mkashiba. Aliyeleta, aliyepika, au aliyetia maji: je, nani alistahili kuondoka na mama? Semeni upesi, sufuria ile bado ina moto, na bibi wa watu kaibeba kichwani.