Viti vya Kiboko

Hapo zamani za kale, na nyamazeni kwanza maana hii ni hadithi ya aibu, wanyama walikuwa na nchi moja iliyokatwa na mto. Kusini waliishi viboko, kaskazini nyati. Viboko waliwafanya watumwa mafuko, wanyama wadogo wa kuchimba, wakawalimisha viazi kutwa bila ujira. Nyati hawakuwa na mtumwa hata mmoja, na walijisifia hilo kila mahali. Viazi vyenyewe, lakini, walivila.

Kila mwaka waligombana barazani, na kila mwaka nyati walinywea. "Tusivunje nchi kwa ajili ya fuko," walisema. Wakakubali hata sheria kwamba mtumwa akivuka mto arudishwe kwa bwana wake. Msiniangalie mimi, sikuitunga.

Basi binti mmoja wa fuko akatoroka, akavuka, akabisha kwa Kindi, mpanga viti wa baraza, ko ko ko.

"Nifiche, dada. Mama amefia shambani kwa Kiboko. Nikirudishwa nami nitafia huko."

"Ingia," alisema Kindi. "Ule kwanza."

Asubuhi yake ilikuwa siku ya baraza. Kiboko alifika, akajitupa chini, puu. "Mzee Nyati, nimemfuata fuko wangu. Nyayo zake zimeishia kwa Kindi."

Mzee Nyati akainamisha kichwa. "Sheria ni sheria. Kindi, mlete."

"Nitamleta, mzee." Kindi alikuwa akipitisha sahani za viazi vya kuchoma. "Ila leo tunagawa viti vya baraza kwa hesabu ya watu wa kila upande. Bwana Kiboko, pole, ninyi mko wachache."

Kiboko akafura. "Wachache vipi? Na mafuko wangu je? Wale wote ni watu wa nyumbani kwangu."

"Kumbe fuko ni mtu?"

"Mtu kabisa. Lete viti."

Kindi akapanga viti, ta, ta, ta, hadi upande wa kusini ukafurika. Kiboko akatabasamu. Ndipo Kindi akamleta binti fuko na kumkalisha kwenye kimojawapo.

"Hiki ni chako, umehesabiwa. Na mwenye kiti barazani hafungwi kamba."

"Huyo ni mali yangu!" Kiboko alinguruma.

"Basi tunaondoa kiti chake na vya wenzake wote. Chagua, bwana. Ni mtu au ni mali?"

Kiboko akamtazama binti, akavitazama viti, akamtazama binti tena. Nyati wakaangua kicheko, kwa, kwa, kwa.

Binti fuko hakucheka. Alimgeukia Mzee Nyati. "Babu, hicho kiazi unachokula alikichimba mama."

Mzee Nyati akaacha kutafuna. Kumeza alishindwa, na kutema mbele ya yule mtoto aliona haya. Nyati wote wakaweka sahani chini, na hakuna aliyethubutu kumtazama usoni. Majitu yale yote, wanangu, na mapembe yao.

"Harudi," alisema Mzee Nyati mwishowe. "Tulipaswa kusema hivi mama yako akiwa hai."

Kiboko akavipiga viti teke, akaondoka na wenzake. "Basi na nchi tugawane," alisema.

Binti fuko akabaki kwa Kindi, huru. Lakini kusini viboko walianza kunoa meno, na kaskazini nyati wakawaita vijana wao, hata wale ambao pembe zao zilikuwa bado laini, wakawafundisha kuua.

Dhuluma unayoinyamazia kwa sababu inakushibisha, watakuja kuilipia watoto wako.