Sauti ya Namba Nne

"Asiyeagwa hajaondoka." Ndivyo alivyowaambia mwalimu wenu leo, mlipomvua Kashinje unahodha bila hata kumpa asante, nanyi mkacheka. Chekeni tu. Halafu mnakuja kwangu na miguu ya vumbi kuniuliza maana yake. Haya, sogeeni. Na wewe mume wangu mdogo, acha kukikodolea macho chungu, uji utaiva. Methali hii haikuachwa na wahenga wa zama za kale. Ilianza hapa hapa Mwanjelu, na mimi nilikuwepo, nimesimama nyuma ya goli.

Wakati huo kiwanda cha pamba kilikuwa bado kinanguruma, na timu ya wafanyakazi wake iliitwa Nyuki. Babu yenu, Bundala, ndiye alikuwa kipa. Mbele yake alisimama beki aliyeitwa Mhoja, mtu wa maneno machache, jezi namba nne. Mpira wa juu ukija, Mhoja alipaza sauti: "Acha! Wangu!" Babu yenu anabaki kwenye mstari, Mhoja anaruka, hatari imekwisha. Walicheza hivyo miaka mingi, hata babu yenu akawa hageuzi shingo kumtazama. Akisikia sauti, anaacha.

Nyuki walikuwa na desturi yao. Mchezaji anayestaafu aliitwa katikati ya uwanja mbele ya watu wote. Nahodha alimvua jezi kwa mikono yake, na uwanja mzima ukamwambia, "Pumzika." Naye hujibu, "Nimepumzika." Hapo ndipo jezi ilipopewa mtu mwingine. Hakuna aliyejua desturi hiyo ilitoka wapi. Ilikuwepo tu, kama ilivyo desturi ya kubisha hodi.

Msimu huo Nyuki waliongoza ligi ya mkoa. Timu mbili za juu ndizo zingeingia kwenye mchujo wa kupanda daraja, na sisi tulishaanza kushona bendera. Ndipo Mhoja akaenda kwao kumzika baba yake. Aliporudi, alikuta jezi namba nne iko mwilini mwa kijana mgeni kutoka Tabora. Mwenyekiti mpya wa timu, Bwana Mlekwa, alikuwa ameamua hivyo. Watu wakamuuliza, mbona hajaagwa? Akasema hayo mambo ya kuvuana jezi ni ya kishamba, yanapoteza muda. Mhoja hakugombana na mtu. Aliitazama ile jezi kwa muda, akachukua baiskeli yake, akarudi kijijini kwao.

Jumapili iliyofuata tulifungwa. Krosi ya kawaida kabisa, mpira mwepesi, babu yenu alianza kutoka, mara akasimama. Mpira ukampita juu ya kichwa ukaingia. Tukasema ni bahati mbaya. Jumapili nyingine, tukafungwa vilevile. Na nyingine tena. Kila mara anatoka, anasita, anarudi kwenye mstari, na hakuna beki yeyote karibu naye. Tukashuka kutoka kileleni mpaka tukawa tumeshikilia nafasi ya pili kwa kucha.

Mji una mdomo, wajukuu zangu. Wakasema Bundala ameuza mechi. Sokoni nilipopita wanawake walinyamaza, na ukimya ule uliniuma kuliko tusi. Shija, mama yenu, alikuwa bado mgongoni kwangu. Bwana Mlekwa alimwita babu yenu akamwambia waziwazi: bao moja zaidi la namna ile, asikanyage tena kiwandani wala uwanjani, na mji mzima utatangaziwa kwamba ni msaliti. Alirudi nyumbani akaketi mlangoni, hakula.

"Baba Shija," nikamwambia, "mimi ni mkeo. Niambie kinachokusimamisha."

"Utasema nimerukwa na akili."

"Sema."

"Namsikia Mhoja."

Sikumwamini. Mungu anisamehe, nilidhani anatafuta kisingizio. Kwa hiyo mechi iliyofuata sikukaa na wenzangu. Nilikwenda nyuma ya goli, karibu kabisa na nyavu. Siku hiyo hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani, lakini nyuzi za pamba kutoka kiwandani zilikuwa zikielea mbele ya goli, zinazunguka mahali pamoja, kana kwamba kuna mtu anapita katikati yake. Krosi ikapigwa. Babu yenu akatoka. Na mimi nikasikia kwa masikio yangu haya mawili, sauti nzito, karibu kiasi cha kuigusa: "Acha! Wangu!"

Hapakuwa na mtu. Namba nne mpya alikuwa mbali, pembeni kabisa. Mtoto mgongoni akashtuka akalia. Babu yenu aligeuka akanitazama mimi, wala hakuutazama mpira uliogonga mwamba ukatoka nje.

"Mhoja amekufa," nikamwambia jioni ile. "Amekufa, na hakuna aliyetuletea habari."

Ikabaki mechi moja tu, na kabla yake Jumapili moja ya mapumziko. Jumapili hiyo tulipanda baiskeli, mimi, babu yenu, na nahodha Nkwabi, tukaenda kijijini kwa Mhoja kutoa rambirambi. Nilibeba na unga wa msiba.

Tukamkuta ameketi uani, anapukuchua mahindi.

Unga ulinidondoka. Akatukaribisha vizuri, akauliza habari za watoto, akacheka kidogo. Tukakaa. Ilipofika saa kumi, saa ya mechi, mikono yake ikasimama. Punje zikaacha kudondoka. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakutuona. Miguu yake ikaanza kuchimba udongo, jasho likamtoka kama mtu aliyekimbia, kichwa kikainuka kufuata kitu angani. Kisha akapiga kelele, kuku wakatawanyika: "Acha! Wangu!"

Mkewe hakushtuka. Alikuwa amekaa jikoni, anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Ni kila Jumapili," akasema. "Namwita haitiki. Baadaye ananiuliza kwa nini miguu inamuuma. Yupo hapa, lakini si wangu. Mlimfanya nini huko mjini?"

Nkwabi aliinamisha kichwa. "Tatizo ni lile ambalo hatukulifanya, shemeji. Hatukumuaga."

Siku ya mechi ya mwisho Bwana Mlekwa alikataa katakata Mhoja aagwe. Alisema tunacheza kufa na kupona, yeye hana muda wa mazingaombwe. Nkwabi akavua viatu vyake, akamwekea miguuni. "Basi cheza wewe, Mwenyekiti." Wenzake wote wakaanza kuvua. Mwenyekiti akakaa kando.

Mhoja akaletwa katikati ya uwanja. Kijana wa Tabora akaivua namba nne mwenyewe, akamvalisha mkubwa wake kwa heshima. Kisha Nkwabi akamvua taratibu. Uwanja mzima ukasema, "Pumzika." Mhoja akaitazama jezi mikononi mwa Nkwabi, mpaka nikaogopa kwamba hatajibu. Mwisho akasema, "Nimepumzika." Akalia, mtu mzima yule, na sisi tukalia naye.

Sare ilitutosha. Mimi nilikaa na Mhoja, bega kwa bega, nyuma ya goli lilelile. Dakika za mwisho, bila kwa bila, ikaja krosi ndefu. Babu yenu akapiga hatua moja, akasimama. Alikuwa anasubiri sauti. Nikamwona Mhoja amefungua mdomo, mishipa ya shingo imemtoka.

"Wako, Bundala," akasema taratibu, kama mtu anayemkabidhi jirani ufunguo. "Wako."

Sijui babu yenu aliisikiaje katika kelele zile. Aliruka, akaudaka, akaanguka nao kifuani. Kipenga kikalia.

Kwenye mchujo tulitolewa mapema, mkitaka kujua. Lakini hakuna tena aliyemwita Bundala msaliti, na mke wa Mhoja alitutumia salamu kwamba mumewe sasa anakuwepo nyumbani hata Jumapili.

Babu yenu naye alivuliwa jezi vizuri, wakati wake ulipofika. Na alipokufa tulimuaga sawasawa. Nyote mlikuwepo, kila mmoja alimwambia neno lake. Ndiyo maana nyumba hii ni kimya. Jumapili saa kumi huwa naketi hapa, nategea sikio, na sisikii kitu. Siku nyingine, wajukuu zangu, natamani tungesahau.

Nendeni kwa Kashinje kabla uji haujapoa. Asiyeagwa hajaondoka.