Nani Aingie Chini ya Cherehani?

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mababu, ni ya juzi tu, palikuwa na fundi cherehani mmoja huko milimani, jina lake Shemdoe. Alizaliwa na ualbino, akajua mapema kwamba jua si rafiki yake, akachagua kazi ya ndani. Akashona miaka hamsini. Lakini jua halisahau. Alipofika miaka sabini na sita likamkamata shavuni: kidonda kisichopona. Hospitali wakakiita kansa ya ngozi.

Daktari Mhando, mpasuaji, akamwambia, "Mzee, kidonda kitatoka. Ila kwanza tupime nguvu zako. Ukiwa imara, tutakupa usingizi tukitoe chote mara moja. Ukiwa dhaifu, tutakulisha na kukufanyisha mazoezi mwezi mzima kwanza. Mzee dhaifu akipewa usingizi huweza kuamka akili imepotea njia."

Shemdoe alisikia neno moja tu: dhaifu. Yeye, dhaifu? Kweli, ngazi tatu za mlango wake siku hizi alizipanda kwa awamu mbili. Kweli, suruali zake alizipunguza kiuno mara nne mwaka ule, akasema vitambaa vya siku hizi vinatanuka. Fundi mzima, anasingizia kitambaa!

Siku ya kupimwa ikafika. Daktari akaingia. "Shikamoo, mzee. Hujambo?"

"Marahaba. Sijambo! Mzima kama chuma cha reli."

Na nani aliyewahi kuulizwa hujambo akajibu sijiwezi? Daktari akaandika: mzima.

Akaja Sista Nakijwa, muuguzi, na karatasi ya maswali. "Babu, unakula vizuri? Umewahi kuanguka?"

Kabla Shemdoe hajafungua mdomo, mkewe, Mama Hidaya, akadakia. "Huyu? Anakula sahani mbili. Na kuanguka, hajui hata sakafu inafananaje."

Sahani ya pili ilikuwa ikiliwa na paka, na juma lile lile Mama Hidaya alimwokota mumewe bafuni. Shemdoe akamtazama mkewe kwa mapenzi ambayo hayakuonekana tangu harusi. Sista akaandika: hana tatizo.

Likabaki jaribio la mwisho. Ainuke kitini bila kushika kitu, atembee hadi mlangoni, ageuke, arudi, aketi, saa ikihesabu. Shemdoe akajisukuma. Makalio yakakataa amri. Akajisukuma tena, jasho likamtoka. Sista Nakijwa amelelewa na bibi yake. Kumtazama mzee akihangaika, naye amesimama tu na saa mkononi, kukamshinda. Akaona haya. "Pole, babu," akamshika mkono, akamwinua, ndipo akabonyeza saa. Shemdoe akatembea kifua mbele kama anayekagua gwaride. Sista akaandika: amefaulu.

Akapasuliwa. Kidonda kikatoka chote. Lakini mzee akaamka hajui yuko wapi. Siku mbili akawapima wagonjwa wenzake mabega kwa bandeji, akamwahidi Daktari Mhando suti ya Ijumaa. Siku ya tatu akashuka kitandani kumfungulia mteja mlango. Mteja hakuwapo. Sakafu ilikuwapo. Mguu wa kulia ukavunjika, ndio mguu wa kukanyagia cherehani.

Akili iliporudi, akalia. Fundi asiyeshona ni nani?

Akarudishwa nyumbani na plasta mguuni. Cherehani kimya, kanzu za Idi zimekatwa, zinangoja. Daktari na Sista walipokuja kumjulia hali, Shemdoe akasema, "Mikono yangu ingali inashona. Anatakiwa mtu wa kuingia chini ya meza, asukume pedeli kwa mikono mpaka mguu upone. Na aingie aliyenivunja."

Mama Hidaya akasema, "Ni mimi. Nilitaka kukusitiri. Mke hamvui mumewe nguo mbele za watu."

Sista Nakijwa akasema, "Ni mimi. Kipimo kilitaka nikuache uhangaike, nami sikuweza. Nilikuheshimu mpaka nikakuvunja."

Daktari akakohoa. "Niliuliza hujambo, nikaandika jibu. Hata maiti ningemuuliza hivyo angesema sijambo. Ila tusisahau, kidonda kimetoka chote. Tungengoja mwezi, huenda kingefika jichoni."

"Kwa hiyo tukushukuru?" akauliza Mama Hidaya.

Shemdoe akacheka mpaka plasta ikamuuma. "Ngojeni. Miaka hamsini nimewaambia wateja wanaojibana tumbo nikiwapima: pumua, bwana, kanzu haitaki uongo. Siku yangu ya kupimwa ikafika, nami nikajibana! Mkosaji ni mimi. Lakini mimi nitaingiaje chini ya meza na plasta hii?"

Chini ya cherehani pana nafasi ya mtu mmoja tu, na Idi imebaki wiki mbili.

Sasa wewe unayecheka, wewe ambaye jana ulimwona babu yako akihangaika kuinuka ukamkimbilia, hebu amua: je, nani alistahili kuingia chini ya cherehani?