Wosia Alioambiwa Mbuzi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu, palikuwa na kijana aitwaye Chande. Alimpenda sana mamake, Bi Mwanakheri. Taabu yake moja tu: hakutaka kusikia habari za kifo.

Siku moja mama, naye mgonjwa, aliianika sanda yake juani isiliwe na nondo. Akaita, "Chande mwanangu, kaa nikuambie."

Chande akainyakua sanda, akaitupa darini. "Mama, usilete uchuro! Utapona."

Akamleta mganga wa kuchanja chale. Mama akadhoofu.

"Chande mwanangu, kaa nikuambie."

"Usilete uchuro, mama! Utapona."

Akamleta mganga wa mafusho. Mama akawa hainuki tena.

"Chande mwanangu, kaa nikuambie."

"Usilete uchuro! Utapona."

Akambeba mgongoni hadi kwa mganga wa ng'ambo ya mto. Huko, kwa dawa kali, sauti ya mama ikakatika. Mganga akataka mbuzi wa tambiko. Chande akarudi mbio nyumbani, akamshika mbuzi wa mamake pembe. Mbuzi akagoma.

"Nichinje ukitaka, ila wosia wa mamako ninao mimi."

"Wewe? Akuambie wewe?"

"Amwambie nani? Wewe hukai! Alikuwa akiniletea majani, ananiegemea, anasema. Dawa zikishindwa, zikome. Alazwe barazani kwake, asikie watu wakipita. Azikwe kando ya Mwanaidi."

"Mwanaidi ndiye nani?"

"Dadako. Alikufa mchanga, wewe hujazaliwa. Hilo nalo alitaka kukuambia."

Jamani, Chande aliona haya! Alitamani ardhi immeze. Mbuzi anamjua mamake, yeye hamjui. Siku zote alijiita mtoto mwema, kumbe alikuwa akiihangaikia hofu yake mwenyewe.

Akamfuata mama, akamrudisha, akamlaza barazani. Akaishusha sanda darini, akaikung'uta vumbi mbele ya majirani, hawezi kumtazama mtu usoni. Kisha akaketi chini.

"Mama, nimekaa. Niambie."

Bi Mwanakheri akafumbua midomo. Sauti haikutoka. Akainua mkono polepole, akamwonyesha mbuzi.

Hadithi yangu naitua hapo. Mwenye mama nyumbani, na aende akakae.