Samaki wa Bi Mwavita

Samaki mkavu akilowekwa hukunjika. Mmeshangaa kuisikia methali hii, kwa kuwa ile mliyoizoea husema samaki hukunjwa angali mbichi. Basi hii nyingine ilianza hivi.

Bi Mwavita alikuwa mjane wa miaka sitini na mitatu, akikausha samaki aina ya migebuka ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Binti yake, Riziki, aliolewa Mpanda. Barua zake zilisomwa na shemeji yake Bi Mwavita, Mzee Kashindi, kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Riziki alipoharibikiwa na mimba, mtaa mzima ulijua kabla mama yake hajafuta machozi. Hapo ndipo Bi Mwavita alipojiandikisha kisomo cha watu wazima.

Haikuwa rahisi. Herufi zilimchezea machoni, na mkono uliozoea kisu uliogopa chaki. Hata hivyo angevumilia, lau Kashindi asingemwambia, kwa upole kabisa, "Shemeji, samaki hukunjwa angali mbichi. Akikauka atavunjika."

Neno la wahenga nani angelijibu? Kesho yake hakwenda darasani, wala wiki iliyofuata, ingawa mwalimu alipita kumwambia kwamba amemwandikia herufi kubwa na kumwekea nafasi karibu na dirisha.

Adhuhuri moja Kashindi alikuja kula. Bi Mwavita alikuwa ameloweka mgebuka mkavu tangu asubuhi. Samaki alikuwa mrefu kuliko chungu, naye akamkunja, akamzungusha ndani kama alivyofanya maisha yake yote. Mara mkono ukasita.

"Shemeji," alisema, "huyu alikauka tangu kiangazi. Amevunjika?"

Kashindi akachungulia. "Umemloweka."

"Basi na mimi naenda kulowekwa."

Alasiri ile alirudi darasani. Akalowa taratibu, miezi minane.

Riziki alikuwa ameshika mimba nyingine, na barua yake ilifika wakati siku za kujifungua zimekwisha kupita. Kashindi alinyoosha mkono kama kawaida. Bi Mwavita akamwomba asubiri, akaingia ndani, akafunga mlango. Alisoma kwa kidole: ma-ma, ni-me-ji-fu-ngu-a. Akavuta pumzi, akaendelea. Sa-la-ma. Mtoto wa kike, mzima. Akaketi sakafuni, akalia kimya mpaka akatosheka, habari ikiwa bado yake peke yake.

Alipotoka, Kashindi alimtazama usoni, akajua ni heri, asiulize zaidi. Ni yeye aliyeitamka kwanza methali hii, polepole, kama anayekiri: samaki mkavu akilowekwa hukunjika.