Supachaja Tatu na Mkanda wa Ombeni

Ukipata dakika tano, kaa uisome hii mpaka mwisho. Ukimaliza, mtumie mtu aliyewahi kukusaidia ukamkasirikia.

Palikuwa na mama mmoja Arusha, Bi. Eliamani, mwenye magari ya mashindano na gereji yenye mafundi kumi na wawili. Mkuu wa mafundi wake alipostaafu, alitangaza kwamba anatafuta mwingine. Waombaji walijaa getini. Akawachuja mpaka wakabaki watatu: Melami, Mfinanga na Ombeni.

Kati yao, aliyeitaka kazi ile kufa na kupona ni Ombeni. Gereji yake ilibomolewa barabara ilipopanuliwa, na kwa miezi minane nyumba yake ilikuwa inaendeshwa na cherehani ya mkewe. Mkewe hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma Ombeni zaidi.

Mama akawapa jaribio. Gari moja, injini moja, dereva mmoja, mlima mmoja wa kilomita kumi na moja. Kila fundi afunge supachaja yake, yaani kile kifaa kinachoisukumia injini hewa kwa nguvu ili ichome mafuta zaidi na gari livute zaidi. Mwenye muda mfupi ndiye atakayepata kazi.

"Lakini sikilizeni," alisema Bi. Eliamani. "Muda uwe chini ya dakika saba na nusu. Gari likikufia njiani, umeshindwa. Wote mkishindwa, nina mtu wangu wa kumpa."

Injini yenyewe ilikuwa imeundwa upya na fundi wa hapo hapo, Kiure, mtu wa makamo asiyependa maneno. Siku hiyo kazi yake ilikuwa ndogo tu: kila gari linapotaka kuondoka, aangalie oili, maji na mikanda. Hakuna aliyemjali.

Asubuhi, wakinywa chai ya tangawizi, mafundi watatu wakaanza kutambiana.

"Mimi natumia ya mabawa," alisema Melami. "Mawili yanazunguka pamoja, yanakomba hewa na kuitupa ndani. Ukikanyaga tu mafuta, gari linaruka."

"Linaruka, halafu linachemka," alijibu Mfinanga. "Ya kwangu ni ya parafujo. Mbili zinasokotana kama mashine ya kusagia nyama, zinaikaza hewa kabla haijaingia. Nguvu ile ile, joto kidogo. Wewe Ombeni umeleta nini, feni ya mezani?"

Wakacheka. Ombeni naye akacheka. Kweli ya kwake ilikuwa ya feni, imekaa ndani ya gamba kama konokono. Ni nyepesi na hewa yake haipati joto sana, lakini nguvu yake huchelewa. Mpaka injini izunguke kwa kasi ndipo inaamka. Na ule mlima, kilomita nne za mwanzo ni kona tupu.

Melami akaanza. Gari liliondoka kwa kishindo, watu wakashangilia, lakini huko juu joto likalipunguza nguvu. Dakika saba na sekunde arobaini. Mfinanga akafuata. Gari lilipanda vizuri kutoka mwanzo mpaka mwisho, ila halikufika pale mama alipotaka: dakika saba na sekunde thelathini na nne.

Zamu ya Ombeni ikafika. Ili feni yake iwahi kuamka, akafunga puli ndogo zaidi, yaani kile kigurudumu kinachozungushwa na mkanda wa injini, izunguke haraka. Kisha akaogopa mkanda utateleza. Akachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu, akaukaza, akaukaza tena, mpaka mkanda ukawa hauna hata chembe ya kulegea. Akaiwekea nati ya kukazia mkanda alama ya rangi nyeupe, kama mafundi wanavyofanya ili wajue ikisogea. Halafu akaenda kusimama mbali, kwa sababu hakuweza kutazama.

Kiure akainama kwenye injini kama alivyofanya kwa wale wawili. Akafunga boneti. Gari likaondoka.

Kwenye kona lilikuwa zito, na Ombeni akajua ameshakwisha. Lakini lilipofika kwenye barabara iliyonyooka, feni ikaamka. Redio ikakoroma, msimamizi aliyekuwa juu akatangaza: dakika saba na sekunde ishirini na sita!

Walimbeba juu juu. Mfinanga mwenyewe alimkumbatia. Gari liliporudi, Ombeni akafungua boneti aibusu supachaja yake, na hapo akaiona ile alama nyeupe. Nati ilikuwa imesogezwa. Mkanda ulikuwa umelegezwa.

"Nani amegusa mkanda wangu?" alifoka. "Nani alitaka kunihujumu? Ningeshinda kwa sekunde kumi zaidi!"

"Mimi," alisema Kiure.

"Nilikukosea nini, kaka?"

"Hukunikosea. Uliukaza mno. Mkanda huo unavutwa na injini, nao ulikuwa unaivuta shafti ya feni upande mmoja. Ungeondoka hivyo, kilomita ya tano beringi ingeliwa na injini ingekamata, isizunguke tena. Nikaurudisha kwenye kipimo chake."

Ombeni akatazama mkanda, akaubonyeza kwa kidole. Ulikuwa umekaa pale pale alipowafundisha wanagenzi wake kwa miaka kumi kwamba ndipo mkanda unapotakiwa kukaa. Hofu ilikuwa imemsahaulisha.

Bi. Eliamani alikuwa amesimama karibu, amesikia yote. Akasogea.

"Kiure, umemwambia Ombeni ni nani ningempa kazi kama wote watatu wangeshindwa?"

Kiure akatazama viatu vyake. "Hapana, mama."

"Basi nitamwambia mimi. Ombeni, ningempa yeye. Na alikuwa anajua tangu juzi. Wenzako walikuwa wameshashindwa. Alichotakiwa kufanya ni kufunga boneti tu na kukaa kimya."

Ombeni akamgeukia Kiure. Machozi yalimtoka mbele za watu wote, na hakuyaficha. Aliishika mikono ya Kiure kwa mikono yake yote miwili, yenye grisi kwa grisi.

"Kwa nini, kaka?"

"Nilikuona ulivyokuwa unakaza," alisema Kiure. "Fundi hakazi vile kama nyumbani kuko salama."

"Asante," alisema Ombeni. "Mungu akulipe, kaka. Na unisamehe mdomo wangu."

Ombeni alipewa kazi ile, na jioni hiyo mkewe aliipumzisha cherehani mapema. Kesho yake alikusanya mafundi wote akatoa amri yake ya kwanza: hakuna gari litakalotoka getini, hata likiwa lake mwenyewe, mpaka Kiure aliangalie na kusema nenda.

Funzo: Kabla hujamfokea mtu aliyelegeza ulichokikaza, muulize alikuwa anakuepusha na nini, huenda unayemlaumu ndiye unayepaswa kumshukuru.